Yule dada wa duka la mifugo Majengo, na pazia langu la viroba

Mimi ni fundi cherehani. Nalitanguliza hilo mtu asije akanisoma kama mtaalamu wa kuku. Ninashonea nyumbani kwangu, Nkuhungu, hapa Dodoma: chumba cha mbele vyerehani viwili na meza ya kukatia, na kile cha nyuma, kilichokuwa stoo ya vitambaa, sasa ni cha kuku. Kilichoniponza ni Nanenane, yale maonyesho ya wakulima. Mwaka jana nilikwenda viwanja vya Nzuguni kutafuta vitenge vya bei nafuu, nikarudi bila kitenge hata kimoja, kichwa kimejaa kuku chotara.

Basi mwezi wa sita mwaka huu nikachukua vifaranga 60 wa Sasso, aina ya kuku chotara, wa wiki moja, shilingi 2,500 kila mmoja. Laki moja na nusu. Kwa hesabu zangu hizo ni sketi kumi na tano za shule, zile za marinda, na marinda mnayajua yanavyochosha mgongo.

Naandika kuhusu duka la dawa za mifugo lililoko upande wa Majengo, si mbali na soko. Jina la duka silitaji kwa sababu mwenyewe sikumwomba ruhusa. Ni chumba kimoja, kaunta ya mbao, friji ndogo ya chanjo, na dada mmoja wa miaka thelathini hivi ambaye wateja wote wanamwita dokta ingawa yeye husahihisha kila mara: "Mimi si daktari, mimi ni wa stashahada, nimesoma Mpwapwa." Anamaanisha kile chuo cha mifugo cha LITA. Watu wanamsikia, wanaitikia, halafu wanaendelea kumwita dokta.

Kwanza niwaeleze nilivyofika pale, maana sikuanzia hapo.

Siku ya tatu tangu niwapokee, niliona wawili wamejitenga wamefumba macho. Nikadhani wamelala. Kumbe aliyelala hutulia. Hawa walikuwa wanajikuna jicho kwa ukucha, halafu wanafuta kichwa kwenye bega, mara huku mara kule, kama mtoto aliyeingiwa na pilipili. Kesho yake asubuhi walikuwa tisa. Wengine kope zimegandishwa na matongo, jicho limevimba mpaka kichwa kimepoteza umbo.

Hapo kila mtu wa mtaa akawa mganga. Jirani yangu, bibi wa Kigogo ambaye huwa hapiti mlangoni bila salamu ya "mbukwenyi", akasema nikamue maziwa ya mama anayenyonyesha, tone moja kila jicho. Wifi yangu ana mtoto wa miezi minne na alikuwepo. Akanitazama, akatazama lile kundi la vifaranga, akasema, "Wifi, nakupenda, lakini si kiasi hicho." Nikachemsha mwarobaini, nikawaosha nao, wakapiga kelele hadi nikaona aibu. Nikajaribu maji ya chumvi, nikaweka chumvi kwa kukadiria kwa kiganja kama naunga mchuzi, nayo yakawachoma. Mwisho jirani mwingine akanipa kichupa cha matone ya macho kilichobaki baada ya mumewe kuugua. Nikawatia wanne. Kichupa hicho nitakirudia.

Siku iliyofuata nikaenda duka fulani la pembejeo, sitasema liko wapi. Nikasema, vifaranga wangu wanaumwa macho. Kijana hakuinua uso kwenye simu. Akafungua kopo lililokuwa limeshafunguliwa, akachota unga wa njano kwa kijiko, akautia kwenye kimfuko cha nailoni, akafunga fundo. "Elfu tatu. Tia kwenye maji." Maji kiasi gani? "Ya kutosha." Siku ngapi? "Mpaka wapone." Kimfuko hakina jina, hakina tarehe ya kuisha muda, hakina chochote. Mimi mteja akiniletea kitambaa nikakikata bila kumpima, kesho yake atanirushia usoni. Lakini nililipa nikaondoka nao, kwa kuwa nilikuwa nimechanganyikiwa. Sikuutumia. Bado uko juu ya kabati.

Usiku huo mmoja akafa.

Ndipo mteja wangu mmoja, mfugaji wa kuku wa mayai huko Kizota, akaniambia nenda kwa yule dada wa Majengo, lakini ujiandae kuulizwa maswali. Akasema pia nimchukue kifaranga mmoja mgonjwa kwenye boksi lenye matundu, na maranda kidogo ya chini, yaani kile nilichowatandikia, nifunge kwenye mfuko. Nikadhani ananitania.

Nilipofika nikasema lile lile nililolisema kule. "Naomba dawa ya macho ya vifaranga."

"Karibu mama. Wana siku ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Jicho moja au yote mawili?"

Hilo sikuwa nimelitazama. Nikasema nadhani yote mawili. Akachukua kifaranga, akamweka kiganjani, akamfunika kichwa kwa kidole, akamulika kwa tochi ya simu. Akamsogeza sikioni kwake akamsikiliza anavyopumua, kama mtu anayesikiliza saa. Maswali yakafuata: Wanapiga chafya? Wanakoroma usiku? Kuna povu kwenye kona ya jicho? Wamechanjwa nini, lini, na kwa njia gani? Chakula unanunua au unachanganya mwenyewe? Joto unawapa kwa nini, taa au mkaa? Chini umetandika nini?

Nikamjibu kwamba muuzaji aliwachanja kideri (Newcastle) siku ile aliyonikabidhi, kwa tone la jichoni. Akasema chanjo hiyo yenyewe inaweza kuleta wekundu kidogo wa macho kwa siku chache kisha ukaisha, ila haileti usaha wala haiangushi tisa. Akaongeza jambo ambalo sikulijua: anayechanja anawe mikono na asijishike usoni, maana chanjo ya kideri ikimwingia mtu jichoni humwasha na kumwekundisha siku kadhaa. Nikakumbuka muuzaji wangu alivyokuwa akijifuta jasho, nikacheka peke yangu.

Halafu akafungua ule mfuko wa maranda, akanusa, akaufunga haraka.

"Mama, dawa nitakuuzia. Lakini nikikuuzia leo bila kuona banda, wiki ijayo utarudi kununua nyingine. Unakaa wapi?"

Hapo ndipo duka hili lilipojipatia sifa yake kwangu, na pia lilipoanza kunikera, maana aliahidi kufika saa tisa akafika saa kumi na moja kasoro. Mteja wa gauni la send-off alinisubiri nikashindwa hata kumpima, naenda mlangoni narudi. Simu hapokei akiwa kwenye boda. Mtu akisema saa tisa aseme saa tisa.

Ila alivyofika hakukaa. Aliomba kuoneshwa chumba.

Lazima niwaeleze kile chumba. Dodoma mwezi wa sita na wa saba mnaijua: mchana jua, usiku upepo unaochoma mpaka mfupa, nyuzijoto zinashuka hadi 13 au 14, na upepo wenyewe umebeba vumbi jekundu. Niliogopa vifaranga wangu wasife kwa baridi. Kwa hiyo nilichukua viroba vya salfeti, nikavifumua, nikaviunganisha, nikashona pazia la madirisha yote mawili na la mlango. Pindo mara mbili, mshono wa kurudia, pembeni nimepigilia mbao. Hapakupita hata sindano ya upepo. Ndani jiko la mkaa kwenye beseni la mchanga. Chini nimetandika vumbi la mbao nililopewa bure na seremala, lile laini kama unga. Niliona nimefanya kazi ya kifundi.

Yule dada akasimama mlangoni, akashika pindo la pazia, akaligeuza akaangalia upande wa nyuma wa mshono. Akasema, "Kazi nzuri sana hii, mama. Ndiyo inayowaumiza."

Nikanuna. Sikatai.

Akaniambia nipige magoti, niinamishe kichwa mpaka pua ifike pale zinapofika pua zao, nihesabu hadi mia moja. Nikainama. Nikiwa nimesimama nilikuwa nasikia harufu ya kuku tu, ya kawaida. Kule chini, nilipofika ishirini pua ikaanza kuwasha. Thelathini, machozi. Arobaini na kitu nikainuka nikitafuta mlango, nalia kama niliyekata vitunguu gunia zima. Wale walikuwa wameishi humo siku sita, usiku na mchana.

Alivyonieleza ni hivi. Kinyesi cha kuku kina mkojo ndani yake, kuku hana mkojo wa pembeni. Kikikutana na unyevu, vijidudu vinakigeuza kuwa hewa ya amonia. Chombo changu cha maji kilikuwa kinavuja, chini yake kumelowa duara kubwa kama sahani ya pilau. Joto la jiko linaharakisha, na pazia langu linaifungia hewa ndani. Wafugaji wanashauriwa amonia isizidi sehemu 25 kwa milioni, lakini nani ana kipimo Nkuhungu? Kipimo ni magoti na pua. Na pua ya mwenye banda inazoea, ndiyo maana mimi sikuisikia. Amonia inaunguza ngozi ya juu ya jicho, vumbi la mbao linakwaruza palepale palipoungua, moshi wa mkaa unamalizia, kisha wadudu wa maradhi wanaingia kwenye jicho lisilo na ulinzi. Kwa hiyo mtu anaona usaha anasema ni maambukizo, na ni kweli ni maambukizo, ila mlango uliwafungulia wewe.

Halafu akafanya kazi ambayo ningelipia hata mara mbili. Akaomba maboksi, akawachambua mmoja mmoja kwa tochi, mimi nikishika. 38 wazima. 14 macho mekundu yote mawili, yanatoka machozi, hawapigi chafya: hawa, akasema, ni hewa na vumbi. Watano walikuwa na povu kwenye kona ya jicho, vipovu vidogo kama vya sabuni ya kufulia, na ukimweka sikioni unasikia mkoromo mwembamba. Hawa ni habari nyingine. Alishuku mafua sugu yanayotokana na mikoplazma, aina ya bakteria. Wawili walikuwa na kijibonge cheupe chini ya kope, kama punje ya wali uliokauka. Wa sitini ndiye yule aliyekufa.

Wale wenye kijibonge alinifundisha kuwasafisha, na hili nililiona kwa karibu nikiwa na miwani yangu ya kutungia uzi. Maji yaliyochemka yakapoa mpaka vuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kilichosawazishwa juu, kwenye robo lita. Ndiyo kipimo, si kiganja. Kifaranga anaviringishwa kwenye kitambaa mabawa yakiwa ndani, kichwa tu nje. Pamba iliyolowa inalazwa juu ya jicho, haisuguliwi, inakaa. Unahesabu pumzi zako kumi au kumi na tano. Matongo yanalainika, kope inaachia yenyewe. Kisha unafuta mara moja kutoka pembe ya ndani kwenda nje, pamba hiyo unatupa, jicho la pili pamba mpya, kifaranga mwingine pamba mpya na mikono unanawa. Kile kijibonge kilitoka kwa mmoja, kikabaki kwenye pamba, na chini yake jicho lilikuwepo, jeusi, linang'aa, likanitazama. Kwa yule wa pili kilikataa. Nikataka kukivuta kwa ncha ya mkasi, akanishika mkono. Kisichotoka kwa maji hakitolewi kwa nguvu, unatoboa jicho.

Baada ya kuosha ndipo dawa: tetrasaiklini ya macho, asilimia 1, ile ya kubana. Nilipoiona nilishtuka, nikasema hii naijua. Sisi tuliokulia Kongwa tunaijua sana. Tulipakwa mashuleni na zahanati enzi hizo za vikope, ule ugonjwa wa macho, nzi wamejaa usoni, vumbi la kwetu halina mpinzani, na ujumbe ulikuwa huo huo: nawa uso kwanza, ndipo upake. Sikuwahi kufikiri nitakuja kumpaka kuku. Kiasi cha punje ya mchele ndani ya kope ya chini, mara tatu kwa siku, siku tano hata kama ataonekana amepona siku ya pili. Ukishampaka usimrudishe kwenye maranda papo hapo, yatamganda jichoni. Mweke kwenye boksi lenye kitambaa dakika chache.

Nikamwonesha kile kichupa cha jirani. Akasoma maandishi madogo, akaniuliza ni wangapi nimewatia. Kumbe kilikuwa na deksamethasoni ndani. Dawa hiyo inapunguza wekundu na uvimbe upesi, mtu anafurahi, lakini jicho likiwa na kidonda kwenye kioo chake inazuia kidonda kufunga na inawapa wadudu nafasi. Kati ya wale wanne niliowatia, mmoja ndiye yule aliyekataa kuachia kijibonge. Sijui kama ni sababu. Lakini naandika mjue: matone ya binadamu yaliyobaki kabatini si ya kila jicho.

Wale watano wenye povu aliwapa dawa ya tailosini ya kwenye maji, na akataka kundi zima linywe, kwa kuwa walikuwa wanatumia chombo kimoja. Pakiti yenyewe imefungwa, ina jina, kipimo na tarehe, akanisomea kipimo kisha akaniambia nikirudie mimi. Maji ya dawa yanabadilishwa kila siku, wasipewe mengine pembeni. Akachukua kalamu yangu ya chaki ya kitambaa akaandika kwenye boksi siku ya kuanza, siku ya kumaliza, na siku ambayo kabla yake sitakiwi kuchinja wala kuuza, kwa kufuata maelezo ya pakiti. Chaki ilifutika, nikaandika upya kwa peni.

Jambo dogo ambalo naona ndilo lililookoa wengi: kifaranga asiyeona hafi kwa jicho, anakufa kwa njaa na kiu. Anasimama kando ya chakula hajui kipo. Kwa hiyo wagonjwa walikaa boksi lao, chombo kipana cha chakula, na kila saa mbili au tatu nilichovya mdomo wa kila mmoja kwenye maji, kidogo, ncha tu. Binti yangu wa darasa la sita alishika zamu za jioni. Pia wakikaa pamoja wazima huwadonoa wenzao jicho, kinachong'aa kwao ni punje.

Kuhusu chakula alinibana kidogo. Nilikuwa nakinyoosha chakula cha kuanzia kwa kuongeza dona na pumba ili mfuko ufike mbali. Akasema kwa umri ule hawezi kuitupia vitamini A lawama zote, kifaranga huanguliwa na akiba yake, ila nikiendelea hivyo nitaona macho yale yale wakikua, kope zimegandamana na uchafu mweupe kama jibini. Mahindi meupe, mtama na uwele, ambavyo ndivyo vyakula vya kwetu, havina vitamini hiyo ya kutosha. Majani ya kijani yanayo. Sasa napasua mchicha na majani ya mlonge kila asubuhi. Mlenda wananipora mkononi, Wagogo kamili.

Chanjo ya gumboro, ugonjwa mwingine wa vifaranga, iliyokuwa iwe siku ya kumi na nne, akaisogeza mbele siku chache hadi wachangamke. Na akaniachia neno: wakiendelea kufa zaidi ya wawili kwa siku, nisirudi kwake, nichukue mzoga ambao haujaharibika niupeleke maabara ya mifugo ya TVLA, kituo chao cha Kanda ya Kati kiko hapahapa Dodoma. Muuza dawa anayekuelekeza mahali ambapo yeye hapati shilingi, mimi kwangu huyo ana alama zake.

Sasa pazia. Sikulitupa, roho iliniuma. Nililifumua juu, shibiri moja upana wote wa dirisha, nikashonea chandarua kilichochanika. Upepo unaingia juu, hauwapigi vifaranga chini, na hewa chafu inapata pa kutokea. Vumbi la mbao nikalizoa lote, nikanunua maranda ya randa, yale ya kujikunja, mifuko miwili. Chombo cha maji nikakiinua juu ya matofali mawili na chini yake nikaweka waya. Mkaa nauwasha nje hadi uwe mwekundu wote, moshi umekwisha, ndipo naingiza. Haya yote gharama yake haikufika elfu kumi.

Huduma yenyewe sasa, kwa hesabu. Kuja nyumbani elfu kumi na tano, pamoja na nauli ya boda kwenda na kurudi, na nauli hiyo hakuitaja dukani. Niliisikia akishavaa kofia ngumu ya boda. Tubu ya macho kwake 2,000, famasi ya mtaani kwangu 1,500, na ni ile ile. Risiti hutoa ukiomba, usipoomba hakumbuki. Jioni simu yake haipokelewi, ukituma ujumbe atajibu alfajiri, na ukituma video ya kifaranga anaitazama kweli, maana swali analorudisha linaonesha ameitazama. Mdomo anao. Alimweleza mteja mwingine habari za pazia langu mbele yangu, akicheka. Nilimwambia nikija tena nitampima gauni nimwachie kwapa linabana.

Matokeo: wale 14 wa hewa na vumbi, siku ya tatu baada ya kubadilisha chumba walikuwa wamefumbua macho, wengine hata dawa sikuwamalizia mara tatu kwa siku, nakiri. Wenye povu wawili walikufa, watatu walipona mkoromo ukaisha. Mwenye kijibonge kilichotoka anaona. Wa pili jicho limekuwa jeupe kama shanga, yuko hai, anakula akigeuza kichwa upande. Mwingine mmoja alikufa baadaye kwa kukanyagwa, huyo ni wangu, si wa duka. Nina 56.

Wale watatu waliopona mkoromo niliwafunga uzi mwekundu mguuni, kwa sababu alisema ugonjwa huo ukishamwingia kuku anaweza kubaki nao hata akionekana mzima, na hupitia kwenye yai. Kwa hiyo wakianza kutaga, mayai yao ni ya kukaanga, si ya kutotolesha wala kumuuzia mtu kama mbegu. Uzi nimeshaubadilisha mara mbili, mguu unakua uzi haukui. Sasa nimewatengenezea lastiki.

Kwa anayetaka kwenda: ukitokea sokoni Majengo uliza duka la dawa za mifugo lenye friji nje ya kaunta, utaelekezwa. Nenda asubuhi kabla ya saa nne, baada ya hapo anazunguka kwa wateja na anamwacha mdogo wake ambaye anauza tu, haulizi. Beba kifaranga hai kwenye boksi lenye matundu, maranda ya chini kwenye mfuko, na pakiti ya chanjo ya mwisho kama unayo. Kubaliana na nauli kabla hajapanda boda. Jumamosi usijisumbue, hafungui.